Jino Lililovishwa Taji: Ganzi Yatoka Wapi?

Mwaka jana wakati wa likizo alinijia kijana mmoja wa kidato cha nne wa shule yetu, kashika shavu. Habari zake nazisimulia kwa ruhusa yake, lakini jina lake sitalitaja, maana wenzake wa bwenini wamekwisha kumcheka vya kutosha. Miezi mitatu kabla ya hapo alifungua chupa ya soda kwa meno, jambo ambalo wengi wetu tumelifanya na tena tukajisifu kwalo. Chupa ilifunguka, na kipande cha gego kikatoka pamoja na kizibo. Alitibiwa mjini. Gego lilichongwa pande zote, likavishwa taji la metali nyeupe, naye akarudi shuleni. Tangu siku ile maji baridi yakawa adui yake. Kila asubuhi akisukutua kwa maji ya bomba aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, na akitafuna mahindi ya kuchoma ilimbidi ayapeleke yote upande mmoja.

Bwenini kikakaa kikao. Mmoja alisema kosa ni la metali, kwa kuwa metali huingiza baridi katika jino kama vile bati linavyoingiza baridi nyumbani. Wa pili alisema metali ile ina sumu ipandayo kichwani. Wa tatu, ambaye alisifiwa kuwa amesoma mambo mengi, alisema hapana dawa ila kulitoa taji lile na kuvaa jingine la zirkonia, nyeupe kama jino lenyewe. Shauri la wa tatu ndilo lililoshinda. Kijana akamwarifu baba yake, na mzee yule, ambaye hana mali ya kutupa, akamtenga mtamba mmoja wa kupelekwa mnadani ili zirkonia ipatikane.

Mama yake ndiye aliyesema kwamba kwanza aulizwe mtu. Kwa kuwa mimi nilisoma shule hii hii, na kazi yangu ni kutibu meno, kijana akaletwa kwangu. Mhariri wa sehemu ya Kiswahili alipopata habari alinitaka niandike somo juu ya jambo hili. Nilisita kidogo, maana elimu ya meno nilifundishwa kwa Kiingereza, na mtu akifundishwa kwa lugha moja huona haya kuisema kwa nyingine. Lakini nilipoanza niliona kwamba Kiswahili kina neno moja ambalo limebeba karibu kisa chote cha kijana huyu.

Neno lenyewe ni ganzi. Mtu akila ukwaju au embe bichi lenye chumvi husema kwamba meno yake yamefanya ganzi. Tena daktari akitaka kung'oa jino humchoma mgonjwa sindano ya ganzi. Hebu fikirini: katika hali ya kwanza jino linahisi kupita kiasi, na katika hali ya pili halihisi hata kidogo, na hali zote mbili zina jina moja. Katika somo hili nikisema ganzi peke yake, nina maana ya ile ya ukwaju. Ile nyingine nitaiita ganzi ya sindano. Msizisahau zote mbili, kwa sababu mwisho wa kisa hiki zitakutana.

Watu wengi hulidhani jino kuwa ni jiwe lililopandwa katika ufizi. Sivyo. Tabaka la nje, liitwalo enameli, ndilo linalofanana na jiwe: karibu sehemu 96 katika kila 100 za uzito wake ni madini matupu, na hakuna kitu kigumu kuliko hilo katika mwili wa mwanadamu. Enameli haina mishipa ya fahamu; unaweza kuikwaruza usisikie lolote. Chini yake iko dentini, ambayo ni laini zaidi na rangi yake inaelekea manjano. Ndani kabisa kiko kiini cha jino, chenye damu na mishipa ya fahamu. Kiini ndicho kinachoishi, ndicho kinachoumwa, na ndicho kinachoweza kufa.

Dentini si kitu kizima kama ubao. Imetobolewa na mirija midogo mno inayoanzia kwenye kiini na kuelekea nje, kama miale itokayo kwenye jua. Mirija hiyo haionekani kwa macho matupu. Katika eneo la milimita moja ya mraba mna makumi ya maelfu yake. Kila mrija umejaa maji maji. Kwa muda mrefu wataalamu walishangaa jambo moja: mishipa ya fahamu haifiki sehemu ya nje ya dentini, lakini ukiigusa dentini pale nje mtu anaruka. Habari inafikaje ndani? Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Sweden, Martin Brännström, alionyesha kwa majaribio mengi kwamba kinachopeleka habari ni mwendo wa yale maji maji. Dentini ikipulizwa upepo, maji huvutwa nje. Ikipata baridi, maji hujikunja na kukimbilia upande wa nje. Mwendo huo mdogo unaitikisa mishipa ya fahamu iliyo kwenye mlango wa mrija, upande wa kiini, nayo haijui kusema neno lolote isipokuwa "naumwa". Hata sukari na chumvi hufanya vivyo hivyo, kwa kanuni ile ile ya osmosisi mliyofundishwa katika baiolojia kwa kutumia kiazi na maji ya chumvi. Maji yanatoka mahali penye uchache wa chumvi yakifuata mahali penye wingi wake, na njia yao ni mirija ya jino lako.

Basi ganzi huja pale mirija inapokuwa wazi. Enameli ikiwa nzima, mirija imefunikwa. Enameli ikivunjika, ikiliwa na uozo, au ufizi ukirudi nyuma na kuuacha mzizi nje, mirija hubaki bila mlango.

Sasa angalieni kazi ya kuvisha jino taji. Taji, ambalo wengine huliita kofia ya jino, haliwezi kuvishwa juu ya jino kama lilivyo, kwa sababu jino lingekuwa nene kupita wenzake. Lazima jino lichongwe kwanza pande zote na juu, kiasi cha milimita moja mpaka mbili kwa kadiri ya taji litakalovaliwa. Enameli karibu yote inaondoka, na mirija inayofunuliwa katika gego moja huhesabiwa kwa mamilioni. Hiyo ni jeraha, hata kama halitoi damu. Kekee ya siku hizi huendeshwa kwa upepo na huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Za namna hiyo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1957, na ndizo zilizoifanya kazi ya taji kuwa ya saa moja badala ya mateso ya siku nzima. Lakini kitu kinachozunguka hivyo hutoa moto. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Zach na Cohen, walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa meno ya nyani: joto la kiini lilipopanda kwa digrii 5.5 tu za Selsiasi, sehemu 15 katika 100 za vile viini hazikupona. Ndiyo sababu kekee hutoa maji wakati wote inapochonga. Yale maji yanayokujaa mdomoni mpaka ukataka kukohoa si ya kusafisha tu. Yanalinda uhai wa jino. Mgonjwa anayemwomba daktari ayafunge kwa sababu yanamkera hajui anachokiomba.

Baada ya kuchongwa, jino hufunikwa kwa taji la muda wakati taji la kweli likitengenezwa. Taji hilo la muda likivuja au likianguka, mirija yote ile imebaki wazi mbele ya chai, soda na upepo. Kisha taji la kweli hubandikwa kwa saruji. Saruji ya zamani, ya fosfati ya zinki, ambayo katika sehemu nyingi bado inatumika kwa kuwa ni rahisi na imara, huwa na ukali wa asidi inapokorogwa, na ukali huo hupungua kadiri inavyokauka. Kwa hiyo jino lililovishwa taji leo limekatwa, limetiwa joto, limekaushwa na limepakwa kitu kikali, yote hayo katika wiki mbili tatu. Likilalamika kwa siku kadhaa tusilishangae.

Hayo yote, kama mnavyoona, yametendeka kabla hatujauliza taji ni la kitu gani. Lakini swali la bwenini lilikuwa juu ya kitu chenyewe, na halikuwa swali la kipuuzi. Tulijibu.

Dhahabu ndiyo ya kale kuliko zote. Waetruski wa Italia walifunga meno kwa mikanda ya dhahabu zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Taji la dhahabu linalokaa sawasawa lilikuja kuwa jambo la kawaida baada ya mwaka 1907, Daktari William Taggart wa Chicago alipoonyesha namna ya kutengeneza umbo la nta, kulizungushia plasta, kuiyeyusha nta itoke, na kumimina dhahabu katika nafasi iliyoachwa. Dhahabu haishiki kutu, haivunjiki, na haililii jino la upande wa pili. Tena yatosha kwa unene mdogo, kwa hiyo jino halichongwi sana. Kasoro yake katika jambo letu ni hii: hupitisha joto na baridi haraka. Mwaweza kuona wenyewe chumba cha kulia chakula. Tieni kijiko cha metali na kijiko cha mti katika uji wa moto, mshike miisho yao baada ya dakika moja. Dhahabu tupu hupitisha joto zaidi ya mara mia kuliko kauri. Dhahabu ya meno si tupu, imechanganywa na shaba, fedha na vinginevyo, hata hivyo bado ni metali. Basi yule wa kwanza bwenini aliyesema habari ya bati hakukosa kabisa. Taji la metali likiwa jipya hulifikishia jino baridi upesi kuliko la kauri.

Iko tabia nyingine ya metali ambayo inawatisha watu bure. Mtu mwenye taji jipya la dhahabu, na jino la chini yake limezibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha yenye zebaki, anaweza kupigwa na umeme mdogo kila meno hayo yanapogusana. Si uchawi. Metali mbili tofauti zikiwa katika maji ya chumvi huwa betri, na mate ni maji ya chumvi. Volta alitangaza jambo hilo mwaka 1800. Aliyewahi kutafuna kwa bahati mbaya karatasi ya bati ya chokoleti juu ya jino lililozibwa ameonja betri ya Volta, ingawa pengine hakujua. Mara nyingi hali hiyo hujiondokea yenyewe katika siku chache.

Kauri ilikuja kwa sababu watu hawakupenda kumetameta. Mwishoni mwa karne ya 19 Daktari Charles Land wa Detroit, Marekani, alianza kutengeneza mataji ya kauri kwa kuyaoka juu ya bati jembamba la platini. (Land huyu alikuwa babu wa yule rubani Charles Lindbergh, aliyevuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1927, nalisema hili kwa wapenzi wa ndege.) Mataji yake yalikuwa mazuri kwa macho, lakini kauri ni ndugu wa kikombe, na kikombe mnajua tabia yake. Mwaka 1962 hataza zilitolewa Marekani za kuoka kauri juu ya kofia nyembamba ya metali. Shida iliyokuwa imewashinda watu ni ya fizikia: vitu viwili vikitoka tanurini, kimoja kikijikunja kuliko kingine, kauri hupasuka kama bilauri iliyotiwa maji ya moto. Ilibidi kauri na metali zitafutwe zinazopanuka na kujikunja sawasawa. Zilipopatikana, taji la namna hiyo likaenea dunia nzima. Lakini kwa kuwa lina tabaka mbili linahitaji nafasi kubwa, yaani jino lichongwe zaidi.

Metali nyeupe ya kijana wetu, je? Hiyo ilipata soko kwa sababu ya fedha, si kwa sababu ya uganga. Mpaka mwaka 1971 wakia moja ya dhahabu ilikuwa na bei rasmi ya dola 35 au karibu yake. Marekani ilipoacha kubadili dola kwa dhahabu, bei ikapanda, na mwezi wa Januari 1980 ikapita dola 800. Watengenezaji wa meno wakageukia nikeli na kromi. Mchanganyiko huo ni mgumu na rahisi. Nikeli haipandi kichwani, lakini ina lawama moja ya kweli: wako watu ambao miili yao haipatani nayo, na ni wengi zaidi miongoni mwa wanawake, kwa sababu ya kutoga masikio na kuvaa vipuli vya bei nafuu. Dalili yake ni ufizi mwekundu unaowasha kuzunguka taji, au vipele mwilini. Maumivu ya maji baridi hayatokani na hilo. Ukiwa umewahi kutokwa na vipele chini ya saa ya mkono, kipuli au kifungo cha mkanda, mwambie daktari kabla hajakupima taji, naye atachagua kitu kisicho na nikeli.

Mwisho ni hiyo zirkonia. Imetokana na metali iitwayo zirkoni, ambayo Klaproth wa Ujerumani aliigundua mwaka 1789. Kwa hiyo anayesema kwamba zirkonia haina uhusiano wowote na metali anasema nusu ya kweli. Ni oksidi, na tabia yake ni ya kauri. Mwaka 1975 wanasayansi wa Australia walieleza tabia yake ya ajabu. Ufa ukianza kupenya, chembe zilizo kwenye ncha ya ufa hubadili umbo na kuvimba kidogo, zikaubana ufa usiendelee. Kikombe hakijui kufanya hivyo. Zirkonia haipitishi joto kwa urahisi, hata mapanga ya injini za ndege hupakwa jamii yake ili yasiungue. Watu huogopa kwamba kwa ugumu wake italisaga jino la upande wa pili. Ikisuguliwa ikawa laini kama kioo, hailisagi sana. Ikiachwa na makwaruzo, ni tupa. Hapo neno ni la mikono ya fundi kuliko la kitu chenyewe.

Sasa turudi kwa kijana wetu, aliyekuwa kakaa kitini kwangu akiamini kwamba nitalilaani taji lake.

Nililigusa jino kwa pamba yenye baridi. Aliruka, lakini nilipoiondoa pamba maumivu yalikwisha kabla sijahesabu mpaka tano. Hiyo ilikuwa habari njema. Nilimwuliza kama jino humwamsha usiku. Hapana. Kama chai ya moto humwumiza ikaendelea kumwumiza baada ya kumeza. Hapana. Kama huumwa akitafuna. Naam, sana, hasa akitafuna kitu kigumu. Basi nikampa aume karatasi nyembamba ya rangi, ile inayoacha alama mahali meno yanapogusana. Meno yake yote yaliacha alama hafifu, lakini juu ya taji pakawa na doa jeusi moja, dogo kama punje ya mtama. Taji lilikuwa juu mno pale, kwa unene wa unywele au pungufu.

Msidhani kwamba unywele ni kitu kidogo kinywani. Mzizi wa jino umeshikwa na nyuzi zilizojaa mishipa ya fahamu, na nyuzi hizo hutambua unene usiofika hata unywele mmoja. Umeni unywele, mtaona. Taji likizidi kiasi hicho, jino hupigwa peke yake kila unapotafuna na kila unapomeza mate, mchana na usiku, na kiini kilichokuwa kikijaribu kupona jeraha la kuchongwa hakipati nafasi. Hukaa kimevimba, na kiini kilichovimba huona baridi kidogo kuwa ni kisu.

Lakini je, kwa nini hakusema siku ile ile taji lilipobandikwa? Nilimwuliza. Alisema daktari alimwuliza kweli, "Inakaa sawa?" naye akaitika kwa kichwa. Ila wakati huo alikuwa bado na ganzi ya sindano. Upande mzima wa uso ulikuwa kama wa mtu mwingine. Basi hapo ndipo ganzi mbili zilipokutana: ile inayozuia kuhisi iliificha sababu ya ile inayozidisha kuhisi. Simlaumu daktari aliyefanya kazi ile. Taji lilikaa vizuri pembeni, na jambo la namna hii limenipata mimi pia zaidi ya mara moja. Lawama, kama ipo, ni kwamba hakuna aliyemwambia kijana arudi kesho yake ganzi ya sindano ikiisha.

Nililisugua lile doa kwa dakika tatu, nikamwambia ale upande wa pili kwa wiki moja. Baada ya wiki mbili alikuwa akisukutua kwa maji ya bomba bila kuruka.

Fikirini sasa kama shauri la bwenini lingefuatwa. Taji la nikeli lingekatwa kwa kekee ili litoke, na jino lingetiwa joto mara ya pili. Lingechongwa tena kidogo, maana kila taji jipya hula chake. Dentini iliyobaki kati ya taji na kiini, ambayo ndiyo blanketi halisi la jino dhidi ya baridi, ingepungua. Na taji la zirkonia lingeweza kuwekwa juu kwa unywele ule ule, chini ya ganzi ya sindano ile ile, ila sasa lingekuwa gumu zaidi kulisugua.

Si kila kisa humalizika kwa karatasi ya rangi. Mzee mmoja mwenye taji la dhahabu alilolivaa kwa miaka mingi bila shida alinijia akisema jino limeanza kumwamsha saa nane za usiku. Chai ya moto ilimwumiza kwa nusu saa nzima, na cha ajabu maji baridi yalimpa nafuu. Hizo ni dalili za kiini kinachokufa, na hakirudi. Ilibidi kutoboa katikati ya taji, kukitoa kiini na kusafisha mizizi. Naye alikuwa amekwisha kuamua kwamba dhahabu imechakaa! Meno mengine yaliyovishwa taji hufikia hali hiyo baada ya miaka, hasa yale yaliyokuwa yameoza sana au yamevunjika karibu na kiini. Jino ambalo kiini chake kimetolewa haliwezi tena kusikia baridi. Likiuma wakati wa kutafuna, tatizo ni kwenye nyuzi za mzizi au mfupa ulioizunguka mizizi, au ni jino jirani ambalo linasingiziwa.

Wengine huumwa kwenye shingo ya jino, pale taji linapoishia, kwa sababu ufizi umerudi nyuma. Mara nyingi hao ni watu safi kupita kiasi, wanaosugua kwa nguvu kama wanaosugua sufuria, wawe wanatumia mswaki wa duka au wa mti. Wafaa mswaki laini, mkono mwepesi, na dawa ya meno yenye floridi. Ziko pia zilizotiwa nitrati ya potasi kwa ajili ya ganzi, nazo zataka zitumiwe kwa wiki kadhaa kabla ya kuonyesha faida. Na uozo huweza kuingia kwenye ukingo huo huo. Taji haliozi, lakini jino lililo chini yake linaoza kama kawaida, tena kwa siri.

Nina neno moja zaidi, na hili linanikera. Siku hizi hunijia vijana wenye meno mazima kabisa, yasiyouma, wakitaka yote ya mbele yavishwe taji jeupe kwa sababu yana madoa ya kahawia. Wengi wao wamekulia sehemu za Bonde la Ufa au karibu na milima ya volkano, kama Arusha na Nakuru, ambako maji ya visima na chemchemi yana floridi nyingi kuliko ile miligramu 1.5 kwa lita iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani kuwa mpaka. Floridi kidogo hulinda meno. Ikizidi wakati meno ya mtoto yanajengwa, enameli hutoka na madoa. Madoa hayo ni ya enameli. Mara nyingi yanaweza kupunguzwa kwa kusugua ngozi ya juu kabisa kwa dawa, au kwa kuyang'arisha, bila kufika kwenye dentini. Kumchonga kijana wa miaka 17 meno sita mazima, ambayo viini vyake bado ni vipana kwa sababu ya umri, ili apate tabasamu la picha, ni kufungua mamilioni ya mirija ambayo Mungu aliifunga. Mataji hayo hayatadumu maisha yake yote. Atayabadili labda mara tatu, na kila mara jino litakuwa dogo zaidi. Mimi huwakatalia, nao huenda kwa mwingine.

Kwa anayetakiwa kweli kuvishwa taji, kama yule wa chupa, yafaa aulize mambo ambayo hayaulizwi bwenini. Kiini ki hai au kimekufa? Jino litachongwa kiasi gani kwa taji la namna hii, na kiasi gani kwa lile? Taji la muda likianguka Jumamosi, nifanye nini? Nirudi lini kupimwa ganzi ya sindano ikiwa imeisha? Na akisha kulivaa, ahesabu: ganzi ya baridi inayoondoka baada ya sekunde chache, na kupungua wiki kwa wiki, aiache ipone. Inayokaa dakika nyingi, inayokuja yenyewe bila kuchokozwa, au inayoamsha usingizini, asiingojee.

Yule mtamba alibaki zizini. Mwezi uliopita baba yake alinipelekea salamu na chupa ya maziwa, na chupa yenyewe ilikuwa ya kizibo cha kuzungusha.